Mbona mwili mzito hivi? Kuhusu michoro ya mkaa ya Paula Becker alipokuwa mwanafunzi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, naishi Dodoma, na nachora kwa penseli. Nimekutana na picha ya mchoro wa mkaa wa Paula Modersohn-Becker, yule Mjerumani, wa wakati alipokuwa bado anajifunza. Ni mtu mzima amesimama uchi: mwili mzito, tumbo limeshuka, mstari wa nje mnene, na uso haukumaliziwa. Uzuri wake sikuuona. Najua baadaye alikuja kuwa mchoraji mkubwa, lakini kwa nini makumbusho yatunze zoezi la darasani? Na mimi nikitaka kujifunza umbo la mtu kwa njia hiyo nianzeje, maana huku sina modeli wala mkaa wa kuchorea wa dukani?"

Jibu: Marahaba. Umetaja mambo manne, na umeyataja kama kasoro: uzito wa mwili, tumbo lililoshuka, mstari mnene, uso ulioachwa njiani. Mimi nikiulizwa kwa nini karatasi zile zitunzwe, nitayataja hayo hayo manne. Mengine mengi yaliyomo kwenye mchoro wa namna ile ni mafunzo ya darasani, na wanafunzi mamia waliyafanya vilevile. Hayo manne ndiyo mahali tunapomwona mwanafunzi mwenyewe akiamua.

Tuanze na habari zake. Paula Becker (Modersohn ni jina la mumewe, alilolipata alipoolewa baadaye) alizaliwa Dresden mwaka 1876, na familia yake ikahamia Bremen akiwa na miaka 12. Baba yake alikuwa mhandisi wa reli, mzazi aliyempenda bintiye lakini akahofia atakula nini, hivyo akamtaka kwanza asomee ualimu. Akasoma, akafaulu mwaka 1895, na mwaka uliofuata akaenda Berlin kwenye shule ya kuchora ya chama cha wasanii wanawake. Hakuwa na pengi pa kwenda. Akademia ya sanaa ya Berlin haikupokea wanawake mpaka mwaka 1919, yaani miaka 12 baada ya yeye kufariki. Huko Paris, École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya serikali, iliwafungulia mlango mwaka 1897, baada ya madai ya miaka mingi.

Hayo yanaihusu moja kwa moja karatasi uliyoiona. Katika mafunzo ya sanaa ya Ulaya ya karne ya 19, mwili wa binadamu ndio uliokuwa mtihani wa kila kitu. Mwanafunzi alianza kwa kunakili picha zilizochapishwa, akapanda hadi kuchora sanamu za plasta, na mwisho akaruhusiwa kuingia chumba cha modeli aliye hai. Aliyezuiwa kuingia chumba kile alikuwa amezuiwa pia picha kubwa zenye watu wengi, mashindano na ufadhili wa masomo. Wanawake waliokitaka chumba hicho walijilipia katika shule binafsi, na Paris zipo zilizowatoza ada kubwa kuliko wanaume. Kwa hiyo mchoro wa mtu uchi uliochorwa na binti wa Kijerumani mwaka 1898 unatuonyesha mtu aliyefika mahali ambapo taasisi za nchi yake hazikumtaka afike. Makumbusho yangeweza kuutunza kwa sababu hiyo tu. Lakini ingekuwa sababu ya kihistoria, na wewe umeniuliza kuhusu mchoro.

Mkono wako umezoea ncha ya penseli. Penseli inakualika uanze na jicho, kope, kucha ya kidole. Mkaa haukubali. Ni mwepesi, unavunjika, unachafua mikono, na kiganja kikipita mara moja kazi ya asubuhi nzima imeondoka. Walimu wa zamani waliupenda kwa sababu hizo hizo. Unamlazimisha mwanafunzi aone vitu vikubwa kwanza, na unamruhusu mwalimu kufuta nyonga iliyokosewa bila kuichana karatasi. Zoezi lilikwenda hivi: unasimama mbali na modeli, unanyoosha mkono na kupima kwa kijiti, na unaning'iniza timazi, ile ile ya fundi mwashi, kuona ni kitu gani kiko chini ya kitu gani. Ukishapata mhimili, unagawanya mwili katika sehemu mbili tu, nuru na kivuli. Rangi za kati zinafuata baadaye, zikisambazwa kwa kidole, kitambaa au kijiti cha karatasi iliyosokotwa. Mwisho unachukua tonge la mkate laini, unaligandamiza juu ya mkaa, na weupe wa karatasi unarudi pale nuru inapogonga.

Angalia timazi inakufundisha nini. Mtu akisimama ameegemea mguu mmoja, kishimo kilicho chini ya koo huwa kimesimama takriban juu ya kifundo cha mguu ule unaobeba. Nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huo kwa kawaida hushuka. Mguu wa pili umelegea, unagusa tu chini. Ukikosa mstari huo mmoja, hata ukichora misuli kwa ustadi gani, mtu wako atakuwa anaanguka. Mtazame mama aliyejitwika ndoo ya maji akisimama njiani kumsalimu mwenzake: atahamisha uzito kwenye mguu mmoja, na shingo, ndoo na kisigino vitajipanga vyenyewe. Hapo umeshaona kile walichokuwa wakikitafuta katika vyumba vile vya Berlin na Paris.

Sasa rudi kwa Paula. Michoro mingi ya darasani ya wakati ule ililainishwa mpaka ngozi ikafanana na plasta. Modeli alikuwa kibarua aliyechoka, lakini kwenye karatasi alitoka akiwa na mwili wa sanamu ya Kigiriki, maana mwanafunzi alikuwa amefundishwa sanamu kabla ya mtu. Paula alipita katika ngazi hiyo hiyo na akaijua kazi yake. Uwiano wa michoro yake bora ya mkaa umesimama sawasawa, na kivuli kimegawanywa kama walivyotaka walimu. Ila hakumrekebisha modeli. Tumbo likishuka, limeshuka. Goti likiwa nene, linabaki nene. Na ule mstari mnene unaokusumbua unafanya kazi maalumu: unaufunga mwili, unauzuia usiyeyuke kwenye kivuli cha nyuma yake, unaufanya uwe kitu kimoja chenye uzani wake. Uso aliuacha kwa sababu jicho lake lilikuwa mahali pengine, kwenye jinsi kiwiliwili kinavyokaa juu ya miguu. Mtu mwenye saa chache na modeli huchagua, na kwenye karatasi unaliona chaguo lake.

Kuna jambo moja ambalo picha ya simu haiwezi kukuonyesha, nalo ni ukubwa. Mwaka 1898 alihamia Worpswede, kijiji cha wakata mboji (udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni) kilometa 20 hivi kutoka Bremen, ambako wachoraji kadhaa walikuwa wameweka makazi tangu 1889. Mwalimu wake pale alikuwa Fritz Mackensen. Mwezi Desemba mwaka huo aliandika kwenye shajara yake kwamba nyakati za jioni anachora miili uchi kwa ukubwa wa mtu halisi. Jaribu kuwaza hiyo ina maana gani. Karatasi ndefu kama mtu, na mkaa mkononi. Huwezi kuichora kwa vidole wala kwa kifundo cha mkono. Inabidi bega lifanye kazi, na mwili wako wote urudi nyuma na kusogea mbele. Mstari mnene unaouona kwenye kioo cha simu, katika karatasi yenyewe ni mwendo mmoja wa mkono kutoka kwapani hadi kwenye paja. Ukipunguzwa hadi ukubwa wa kiganja, lazima uonekane mzito na usio na adabu. Natamani kila anayetoa hukumu juu ya michoro ya mkaa apate kwanza kusimama mbele ya mmoja wenye urefu wake.

Mackensen alisisitiza uaminifu kwa maumbile: kila kunyanzi, kila mshipa wa mkono, kila mkunjo wa nguo. Paula alimsikiliza, na ukitazama vichwa vya wazee aliowachora Worpswede miaka ya 1898 na 1899 utaona jinsi alivyofuata ngozi iliyokunjamana kwa subira kubwa. Ni michoro mizuri sana. Lakini kwa macho yangu, mwalimu na mwanafunzi walikuwa tayari wanavutana ndani ya karatasi moja: usoni na mikononi ni Mackensen, mabegani na mgongoni ni yeye. Miaka michache baadaye aliandika kwamba anautafuta usahili mkubwa wa umbo. Mabega yale ya 1898 yameshaanza kuutafuta.

Hao wazee walikuwa watu gani? Wengi walitoka katika nyumba ya maskini ya kijiji. Wachoraji waliwalipa senti kidogo wakae kimya kwa saa nyingi. Nalitaja hilo kwa sababu tunapousifu uaminifu wa michoro ile tunapaswa kukumbuka kwamba waliochorwa hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Paula aliwatazama kwa heshima kuliko wengi, na heshima hiyo inaonekana. Haiondoi kwamba ilikuwa biashara kati ya aliyekuwa na kidogo na asiyekuwa na kitu. Wewe utakapomwomba mtu akukalie, kumbuka hilo.

Na kama unadhani wewe ndiye wa kwanza kutouona uzuri wake, hapana. Desemba 1899 alionyesha baadhi ya kazi zake katika Kunsthalle, jumba la sanaa la Bremen, na mhakiki Arthur Fitger akamshambulia gazetini kwa maneno makali mno, kana kwamba kazi zile zilikuwa zimemdhuru mwilini. Zikaondolewa. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia mwaka 1900, Paula alipanda treni kwenda Paris.

Huko alijiandikisha Académie Colarossi, mtaa wa Grande-Chaumière, shule binafsi iliyowaruhusu wanawake kuchora modeli uchi, wanaume na wanawake. Asubuhi alichora kwa mtindo wa kawaida, modeli akiwa katika pozi moja kwa muda mrefu na walimu wakipita kusahihisha. Alishinda mashindano ya darasa, na alihudhuria pia masomo ya anatomia École des Beaux-Arts. Lakini mchana kulikuwa na kipindi cha michoro ya haraka, ambamo modeli alibadilisha pozi kila nusu saa. Mimi naamini nusu saa hizo zilimsaidia kuliko tuzo. Katika dakika 30 kunyanzi hupati. Unapata mhimili, nyonga, bega, na labda kivuli kimoja kikubwa. Kile alichokuwa akikitaka kimyakimya Worpswede, sasa saa ya ukutani ilimlazimisha akifanye. Mwaka huo huo aliona picha za mchoraji Mfaransa Cézanne katika duka la Vollard, muuza picha, akampeleka rafiki yake mchongaji Clara Westhoff naye akazione. Watu wengi husema Cézanne ndiye aliyembadilisha. Sikubali kabisa. Alizitambua picha zile kwa sababu mkaa ulikuwa umeshamwandaa kuona miili kama maumbo makubwa yaliyofungwa.

Aliyoyapata yalimfaa mpaka mwisho. Tazama picha zake za mafuta za mwaka 1906: mama aliyelala uchi na mtoto wake mchanga, wote wawili wamezungushiwa mstari mmoja mpana, au ile aliyojichora mwenyewe siku ya kumbukumbu ya harusi yake, nusu uchi na shanga shingoni, mojawapo ya mara za kwanza zinazojulikana kwa mwanamke kujichora hivyo. Hakuna mstari hata mmoja pale ambao haukuanzia kwenye mkaa. Na mwaka huo, akiwa tayari ameshachora kazi ambazo leo zinavuta watu kutoka mbali, alirudi tena darasani kusoma anatomia. Alifariki tarehe 20 Novemba 1907, akiwa na miaka 31, siku 18 baada ya kumzaa binti yake. Alikuwa ameuza picha chache mno. Aliacha picha za rangi zaidi ya 700 na michoro zaidi ya 1,000, na mwaka 1927 Bremen ikafunguliwa makumbusho yake, ya kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mchoraji mwanamke mmoja.

Ndiyo maana swali la "zoezi la darasani" kwake lina uzito wa pekee. Maisha yake yote ya uchoraji, kuanzia Berlin hadi kifo, ni takriban miaka 11. Ukiitupa michoro ya mafunzo umetupa sehemu kubwa ya njia. Ila nakuonya usiisome karatasi ile kama utabiri, ukitafuta dalili za umaarufu. Walikuwepo darasani wanafunzi waliochora vizuri kuliko yeye, kwa maana ya usafi. Isome kama kazi ya mtu anayetazama: hapa amepima, hapa amefuta na kuanza upya, hapa ameacha kumtii mwalimu. Ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali hapo pa tatu, umeuelewa mchoro.

Sasa wewe na Dodoma yako. Kuhusu mkaa una bahati ambayo hujaijua. Miongoni mwa mkaa wa kuchorea unaothaminiwa tangu zamani ni ule wa vijiti vya mzabibu, na wewe unaishi kwenye mizabibu. Wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka na kila mara hupogoa. Waombe matawi yaliyokatwa. Chagua yenye unene wa penseli au pungufu, menya gamba, kausha vizuri, kata yaenee kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati. Yapange yabanane, funga, toboa tundu moja dogo kwa msumari, kisha weka kopo katikati ya moto wa jiko. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma, ondoa kopo, liache lipoe kabisa, ikibidi hadi kesho yake. Ukilifungua likiwa na joto, hewa itaingia na utabaki na majivu. Vijiti vikiwa na kahawia katikati havijaiva, virudishe. Mzabibu hutoa weusi wa kijivujivu kidogo, mzuri kwa kuanzia kwa sababu unafutika. Mkaa wa kupikia ni mgumu na una mchanga, utakwaruza karatasi. Usage tu, uutumie unga wake kwa kitambaa pale unapotaka kivuli kipana.

Karatasi isiwe ya kung'aa. Karatasi ya kaki ya kufungia madaftari inafaa sana, na rangi yake ya kahawia inakupa rangi ya kati bila jasho: mkaa kwa kivuli, chaki nyeupe kidogo mno kwa nuru. Nunua kubwa, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi, simama. Usikae. Shika kijiti kama unavyoshika ufagio mdogo, si kama kalamu. Timazi ni uzi na nati.

Modeli uchi huhitaji sasa, na kwa umri wako na mahali ulipo sioni sababu ya kumtafuta. Uzito wa mwili haufichwi na nguo. Bibi aliyekaa kwenye kigoda akichambua mchele, kaka aliyejiegemeza kwenye baiskeli, fundi cherehani aliyeinama: mwombe ruhusa, mweleze itachukua nusu saa, mpe chochote ulicho nacho, na ukimaliza mwonyeshe. Tumia nusu saa hiyo kama Colarossi: dakika tano za kwanza ni mhimili na nyonga tu, bila uso. Nguo ikikusumbua, tafuta mahali inapobanwa na mwili, begani, nyongani, gotini. Kwingineko inaning'inia tu na unaweza kuiacha. Miguu yako mwenyewe, ukiwa umesimama mbele ya kioo, ni modeli asiyechoka. Chora nyayo mara nyingi. Wengi huziogopa, wanazificha kwenye nyasi au wanazikata na ukingo wa karatasi, na mtu wao anabaki anaelea.

Usimalizie nyuso kwa mwezi wa kwanza. Najua itakuuma, maana kwa penseli ndiko unakopata sifa. Ukimaliza kila mchoro, puliza sprei ya nywele kwa mbali, tabaka jembamba, nje ya nyumba. Kama huna, weka karatasi laini juu yake na uilaze, usiikunje. Nyuma andika tarehe na dakika ulizotumia, na usichane iliyoharibika. Ukifika mahali ambapo nyonga inakushinda, na utafika, niandikie tena uniambatanishie karatasi yenyewe ilivyo, na alama zote za kufutafuta, ili tuone uzito umepotelea wapi.